Sherman Iliyogoma: Kabla ya Kuiwasha, Ifungueni

SWALI: Sisi ni kikundi kidogo cha wapenzi wa magari ya kale. Tumepata kifaru aina ya Sherman M4A1 cha wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kilichosimama nje kwa miongo kadhaa. Injini ni ile yake ya asili, Continental R975 ya silinda 9. Tukiizungusha kwa hendeli inakwenda kidogo halafu inagoma. Mwenzetu mmoja ana trekta kubwa na anasema tukikivuta kikiwa kwenye gia, injini itaachia yenyewe. Mwingine anataka tuanze na kukwangua kutu na kupaka rangi ili tupate wafadhili. Tuanzie wapi? Na injini hii inafufulika, au tutafute nyingine?

JIBU: Ndugu zangu, hongereni kwa kukipata, na hongereni zaidi kwa kuuliza kabla ya kufunga mnyororo kwenye trekta. Naanza na trekta kwa sababu ndilo linaloweza kuwaharibia injini kwa sekunde moja. Mengine yote yanasubiri.

R975 ni injini ya radiali, yaani silinda zake zimeizunguka krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) pande zote. Asili yake ni ya ndege, Wright Whirlwind, ambayo Continental walipewa leseni ya kuiunda. Silinda namba 1 iko juu kabisa. Namba 5 na 6 ziko chini, vichwa vikitazama sakafu. Injini ikikaa bila kuzunguka, oili iliyobaki ndani hushuka polepole, hupenya kwenye ringi za pistoni na kujikusanya katika silinda hizo za chini. Ikikaa nje miaka na mifuniko ya juu inavuja, maji ya mvua nayo huongezeka. Hewa hubanwa, lakini oili na maji havibanwi. Pistoni inapokwenda kubana huku valvu zote mbili zimefungwa, ikikuta kimiminika kimejaa, ama krenki isimame ama konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ipinde.

Mtu anayezungusha hendeli bila kulazimisha husikia uzito akaacha. Hiyo ndiyo hali yenu sasa, na ni bahati. Trekta halisikii kitu. Likivuta kifaru cha tani 30 na gia imeingia, nguvu yote ya minyororo ya kutembelea inakwenda kwenye ile pistoni moja iliyozuiwa.

Ubaya wa konrodi iliyopinda kidogo ni kwamba haijitangazi. Injini itawaka, itanguruma, mtapiga picha na kupongezana. Kisha siku moja, ikiwa na mzigo, konrodi itakatika na kutoboa krenkikesi, yaani ganda la krenki. Katika injini hii konrodi moja kuu ndiyo iliyoshika krenki, na nyingine 8 zimeshikiliwa na hiyo kuu kwa pini. Moja ikiachia, inazifagia jirani zake. Injini iliyogoma kwa kutu naweza kuiokoa, lakini iliyojitoboa huwa naigawa vipuri.

Hata jeshi lililovitumia vifaru hivi lilijua jambo hilo. Kifaru kikikaa kwa muda, wafanyakazi wake walitakiwa kufungua milango ya nyuma, kuchomeka hendeli na kuizungusha injini kwa mkono kabla ya kugusa stata. Wakikuta uzito, dawa ilikuwa kufungua plagi za chini na kumwaga kilichomo. Msishawishike kuirudisha nyuma ili “kulikwepa” lile zuio. Ukizungusha kinyume, oili husukumwa kupitia valvu ya kuingizia hadi kwenye bomba la hewa, ikatulia humo. Siku mtakayopiga stata inanyonywa tena ndani ya silinda, safari hii injini ikiwa kwenye kasi.

Sasa jinsi ya kujua kinachoigomesha. Kwanza hakikisheni ni injini kweli. Kwenye Sherman injini iko nyuma na gia boksi iko mbele, na kati yake kuna propela shafti ndefu inayopita chini ya tureti, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga. Klachi iliyokaa miaka hushikana na flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) kwa kutu, kwa hiyo kukanyaga pedali si ushahidi kwamba mmezitenganisha. Fungueni shafti upande wa injini, kisha jaribuni hendeli tena. Nimeona watu wakilaani injini kumbe breki za mbele ndizo zilizoganda.

Kisha plagi. Ziko 18, mbili kwa kila silinda. Za upande wa nyuma mnazifikia mkifungua milango, ila zile za upande wa feni zitawachosha. Mwagieni kila moja dawa ya kulainisha kutu na muiache siku kadhaa kabla ya kuweka spana. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na plagi imeingia kwenye bushi ya shaba. Mkiing’oa kwa hasira, bushi inatoka na plagi, na hapo mmejitengenezea kazi ya fundi wa mashine. Kila plagi mfungieni kibandiko chenye namba ya silinda na upande, kwa sababu hali ya plagi ni taarifa ya hali ya silinda.

Anzeni na silinda 5 na 6, kisha 4 na 7. Wekeni beseni jeupe chini na mtazame kinachotoka. Oili nyeusi nzito isiyo na maji ni habari njema, maana silinda ilihifadhiwa. Maji ya rangi ya chai yenye chembe za kutu maana yake ukuta wa silinda umeliwa, na bado hatujui kiasi gani. Likitoka tope jeupe la unga, hiyo ni aluminiamu ya pistoni inayooza. Baada ya hapo ingizeni kamera ndogo ya waya kupitia tundu la plagi na mrekodi kila silinda, hata zile zinazoonekana nzima.

Plagi zote zikiwa nje, zungusheni tena taratibu. Kama sasa inazunguka mizunguko miwili kamili bila kugoma, tatizo lilikuwa kimiminika. Mizunguko miwili ni lazima, kwa sababu ndiyo inayokamilisha kazi ya silinda zote. Kama inakwenda huku ikikwaruza na kuwa nzito polepole, ni kutu ya ringi. Kama inasimama ghafla mahali palepale kwa mlio wa chuma kugonga chuma, acheni mara moja. Huenda valvu imenasa ikiwa wazi na pistoni inaigonga.

Kwa kutu, mimi hutumia mchanganyiko nusu kwa nusu wa dizeli na oili ya gia otomatiki. Silinda za juu ni rahisi: mnamimina, dawa inakaa juu ya pistoni na kupenya kwenye ringi. Za chini zimepinduka, pistoni iko juu na kichwa kiko chini, kwa hiyo dawa mnayomimina hutulia kichwani bila kuzifikia ringi kabisa. Hizo zinataka bomba lenye ncha iliyopinda, mpulizie kuelekea juu kila siku. Wengi hulisahau hili, halafu wanashangaa kwa nini silinda za juu zimeachia na za chini hazitaki. Inaweza kuchukua wiki. Msipige pistoni kwa nyundo, wala msitumie stata kama nyundo.

Ikiachia, najua mtakachotamani, betri na petroli. Hapana. Injini ya namna hii haiwashwi ili kujua hali yake, hufunguliwa na kupimwa. Hata ikizunguka vizuri, ndani yake kuna oili iliyogeuka lami kwenye njia nyembamba zinazolisha beringi ya konrodi kuu. Beringi hiyo inabeba kazi ya silinda zote 9. Ikikosa oili kwa muda mfupi tu, imenoki.

Kabla hamjashusha injini, kuna kazi ya siku ya kwanza ambayo haina raha. Kagueni kifaru kizima kwa ajili ya risasi na makombora: rafu za pembeni, chini ya sakafu ya tureti, nyuma ya redio, na ndani ya mtutu. Mkikuta chochote kinachofanana na kombora, ondokeni hapo na muwaite wataalamu wa milipuko wa polisi au jeshi, hata kama mnaamini ni ganda tupu. Vifaru hubeba vitu ambavyo muuzaji mwenyewe havijui. Mwaka 2017, huko Northamptonshire nchini Uingereza, wakarabati walikuta risasi za bunduki ndani ya kifaru cha Type 69 walichokipata. Wakaanza kurekodi kila walichofungua, na ndani ya tangi la dizeli wakatoa vipande vitano vya dhahabu. Wakavikabidhi polisi. Msitegemee dhahabu, lakini hiyo tabia ya kurekodi iigeni.

Hatari nyingine hazina mlio. Mishale na namba za dashibodi za wakati ule mara nyingi zilipakwa radiamu ili zing’ae gizani. Mng’ao ulishakufa lakini mionzi ipo, kwa hiyo msifungue vioo vyake wala kukwangua, zipimeni kwanza kwa kifaa cha kupimia mionzi. Lainingi za breki na klachi, gaskiti na vitambaa vilivyozungushiwa ekzosi, chukulieni vyote vina asbestosi hadi vipimwe. Rangi za zamani zina madini ya risasi. Kwa hiyo kusugua kikavu kwa grainda hakuna.

Ndiyo maana huyu mwenzenu wa rangi namwomba avute subira. Akipiga mchanga leo, ataondoa pamoja na kutu namba za kikosi, alama za vita na rangi za awali zilizofichwa chini ya rangi za baadaye. Hizo hazirudi, na ndizo zinazotofautisha kifaru chenu na maelfu mengine, maana Sherman za aina zote ziliundwa zaidi ya 49,000. Sugueni kwa mkono na maji sehemu ndogo pembeni mwa tureti na ubavuni, tabaka kwa tabaka, mpige picha kila rangi inapojitokeza. Mkikuta tundu la risasi au mkwaruzo wa kombora, hiyo si kasoro ya kuziba. Na mfadhili mwenye akili huvutiwa zaidi na injini iliyofunguliwa mezani kwa mpangilio kuliko kifaru kinachong’aa ambacho hakitembei.

Haya, injini. Ina uzito wa takriban nusu tani, na kwenye M4A1 huvutwa kwa upande wa nyuma baada ya kuondoa sahani za chumba cha injini, kwa hiyo kreni iwe na mkono mrefu wa kuishikilia inapotoka. Kabla ya kukata bomba au waya wowote, kibandiko na picha. Ikishafika kwenye stendi, anzeni na kinachoonekana kidogo, yaani mabati ya kuongozea hewa kati ya silinda. Feni kubwa iliyo kwenye flaiwili huvuta hewa, lakini ni mabati hayo yanayoilazimisha ipite katikati ya mapezi (vibati vyembamba vya kupozea) ya kila silinda. Likikosekana moja, silinda hiyo itaungua huku geji ikiwaonyesha kwamba mambo ni shwari. Hesabuni yote, nyoosheni yaliyopinda, chongeni yaliyopotea. Na kati ya mapezi mtakuta viota vya panya na vya nyigu, vilivyoshikana kwa oili hadi vimekuwa kama tofali. Vitoeni kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi.

Silinda ni pipa la chuma lililoingizwa kwenye kichwa cha aluminiamu kikiwa cha moto, na kilipopoa kikabana. Msijaribu kuvitenganisha. Pipa lipimeni kwa geji ya ndani, juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Mnatafuta mambo mawili: kama limetanuka upande mmoja, na kama kutu imechimba vishimo. Vishimo vidogo nje ya njia ya ringi navivumilia. Vilivyo kwenye njia ya ringi, silinda ikachongwe au ibadilishwe. Pistoni ya kila silinda irudi kwenye silinda yake. Ringi ziwe mpya, na kila moja mpime pengo lake ndani ya silinda yake kabla ya kuivisha. Valvu sageni na mzijaribu kwa petroli: mimineni kwenye njia ya hewa iliyo nyuma ya valvu na muangalie kama inavuja. Springi za valvu zenye doa la kutu zitupeni hata kama zina nguvu, kwa sababu springi hukatikia kwenye doa.

Konrodi kuu haikukatwa vipande viwili kama za gari. Ndiyo maana krenki yenyewe imeundwa vipande viwili vinavyobanwa pamoja kwa boliti. Hapa ndipo nawashauri mtafute mtu aliyekwisha kufanya kazi kwenye injini za radiali za ndege za zamani. Boliti hiyo ikikazwa vibaya, krenki inatoka kwenye mstari, na hakuna kipimo cha mtaani kitakachowaambia. Konrodi zote, kuu na ndogo, zipimwe unyoofu na zikaguliwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Baada ya kile kilichoigomesha injini yenu, hili si la kujadili.

Tangi la oili liko nje ya injini, pamoja na kipozeo chake. Injini mpya ikiunganishwa na kipozeo cha zamani hurithi chembe zote za chuma zilizolala humo, na hufa kwa ugonjwa wa aliyemtangulia. Tangi lisafisheni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kipozeo, kama hamwezi kukithibitisha, tafuteni kingine. Magneto zote mbili, yaani vifaa vinavyozalisha umeme wa plagi, zipelekwe kwa fundi wake, kwa sababu koili za enzi hizo hupasuka insulesheni, na kapasita hufa hata zikiwa ndani ya boksi. Mkivisha waya za plagi, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-5-7-9-2-4-6-8. Aliyezoea injini za gari huona kama makosa ya uchapishaji, lakini ndivyo silinda zisizogawanyika kwa mbili zinavyozunguka sawasawa.

Je, mtafute nyingine? Kama silinda zaidi ya nusu zimeoza, au krenkikesi ina ufa, ndiyo. Continental waliunda zaidi ya 53,000, na ilitumika pia kwenye magari mengine ya kivita, M18 Hellcat na M7 Priest, kwa hiyo vipuri bado vinapatikana kuliko vya injini nyingi za umri wake. Lakini injini ya akiba iliyolala kwenye sanduku tangu vita nayo ifunguliwe. Grisi ya kuhifadhia huganda ndani ya njia za oili. Kuna watakaowashauri kuweka dizeli ya lori la kisasa. Kifaru ni chenu, ila mkifanya hivyo mtakuwa na ganda la Sherman juu ya lori. Kubadilisha injini kwa ya jamaa yake ni jambo jingine. Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilicho kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, inatembea kwa injini ya Maybach HL230 iliyotoka kwenye Tiger II, kwa kuwa HL210 yake ya asili ilikuwa imekatwa ili kuonyesha sehemu za ndani. Makumbusho hawakulificha hilo. Nanyi mkibadilisha kitu, andikeni.

Injini iwasheni kwanza ikiwa kwenye stendi, nje ya kifaru, lakini na feni yake na mabati yake yote yamefungwa. Bila hayo haina kinachoipoza. Kabla ya hapo, plagi zikiwa nje, sukumeni oili ndani kwa pampu ya nje huku mtu akizungusha kwa mkono, mpaka geji ya oili ionyeshe shinikizo. Zungusheni hadi mridhike kwamba silinda za chini hazina kitu, ndipo plagi zirudi. Petroli ya kawaida ya siku hizi inatosha. Injini hii ilitakiwa kunywa oktani 80. Tatizo ni ethanoli iliyochanganywa humo, inayolainisha mipira ya zamani, kwa hiyo mabomba na daiframu zote ziwe za aina inayoihimili. Washeni kwa dakika chache, zimeni, kisha fungueni chujio la oili na mlisome chini ya mwanga. Unga laini wa kijivu ni ringi zikijikaza, kawaida. Vipande vinavyovutwa na sumaku, au mng’ao wa manjano wa beringi, injini inashuka tena. Msiiache ikisaga kwa mwendo wa chini kwa muda mrefu pia, maana plagi za silinda za chini zitalowa oili na mtaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Wakati injini iko nje, chumba chake kiko wazi. Tumieni nafasi hiyo. Nyaya zote mpya, matangi ya petroli yatolewe na kusafishwa, mabomba yote mapya. Kifaru kilikuja na mitungi miwili ya gesi ya kaboni dayoksaidi ya kuzimia moto kwenye chumba cha injini. Ipeleke ikajazwe na kupimwa shinikizo, au mweke mfumo wa kisasa unaofanya kazi hiyohiyo. Injini inayovuja petroli kidogo juu ya ekzosi ndani ya sanduku la chuma haihitaji maelezo.

Kuhusu mwili wa chini sitawachosha. Oili ya gia boksi na ya difu za pembeni imwagwe na ichunguzwe maji, sili zibadilishwe, kila gurudumu lizunguke kwa mkono kabla ya kuvisha mnyororo. Breki kwenye Sherman ndiyo usukani pia, kwa hiyo lainingi mbovu maana yake hamsimami na hamkati kona. Sheria ya kumiliki mzinga iko tofauti kila nchi. Ulizeni mapema, kwa maandishi, kabla ya kusafirisha chochote.

Safari ya kwanza iwe fupi, kwenye uwanja tambarare na mgumu, bila abiria. Mkisimama, zungukeni na nyundo ndogo mkigonga nati za viunganishi vya pembeni mwa minyororo. Inayolia kwa sauti butu imelegea. Zikazeni zote, pimeni mkazo wa minyororo upya, endesheni tena umbali uleule, na mzikague kwa mara nyingine. Zitalegea tena.